Mageuzi ya kahawa Mbinga: safari hii tunageuza nini?

KAMA maneno yangelipwa posho kila yanapotajwa kikaoni, neno "mageuzi" lingekuwa limeshajenga ghorofa Dodoma. Tumekuwa na mageuzi ya kilimo, mageuzi ya ushirika, mageuzi ya masoko na mageuzi ya pembejeo. Sina ugomvi na neno lenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba tumelibebesha mizigo mingi mno, kiasi kwamba mkulima wa kahawa wa Mbinga au Nyasa akilisikia hajui anaambiwa apande, auze, asubiri au akimbie.

Jambo hili limenikaa kichwani tangu siku moja nilipokuwa kata ya Tingi, wilayani Nyasa, nikikusanya takwimu za gharama za uzalishaji. Tingi ilikuwa sehemu ya Mbinga hadi wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012. Watu wa mbali wakisikia Nyasa hufikiria dagaa na mitumbwi tu, wanasahau kwamba huko juu milimani kuna kahawa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi na mama mmoja mtu mzima, dodoso mkononi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamuuliza ana maoni gani kuhusu mageuzi ya mfumo wa ununuzi wa kahawa. Akanitazama kidogo.

"Ngoja kwanza mwanangu, nikageuze kahawa."

Akaenda kwenye kichanja, akaipitia kahawa yake yote kwa viganja, akitupa punje mbovu. Kisha akarudi, akakaa. "Haya. Hayo mageuzi yenu, safari hii mnageuza nini?"

Nilikuwa na jibu la darasani, lakini nililimeza. Lile swali lake lilikuwa bora kuliko maswali yote yaliyokuwamo kwenye dodoso langu.

Kwa mkulima wa kahawa kugeuza ni kazi, tena kazi yenye thamani ya fedha. Kahawa ya Arabika ikishachumwa humenywa siku hiyo hiyo, huvundikwa, huoshwa, kisha huanikwa kichanjani ikiwa na ganda lake la ndani. Siku za mwanzo hugeuzwa mara kwa mara ili punje zote zikauke sawasawa. Jua likiwa kali mchana hufunikwa zisipasuke ganda, na usiku hufunikwa tena kwa ajili ya umande. Hii ni shughuli ya wiki moja au mbili, wakati mwingine zaidi, hadi unyevu ushuke kwenye asilimia 12 hivi. Asiyegeuza hupata kahawa yenye harufu ya uvundo, na muonjaji wa mnadani humjua mara moja hata kama hajawahi kufika Ruvuma.

Maana ya pili iko shambani. Wamatengo wanalima kwa ngoro, mashimo yanayoonekana kama sega la nyuki kwenye miteremko ambako trekta lingepinduka kabla dereva hajawasha taa. Majani hufyekwa mvua zinapoelekea ukingoni, yakaachwa yanyauke, kisha wanaume huyapanga kwa mistari inayokatana na kufanya vyumba vya mraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila chumba na kuyafunika yale majani. Panapochimbwa panabaki shimo, palipofunikwa panakuwa tuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata mahindi. Majani yakioza yanakuwa mbolea. Mvua ikinyesha maji hutulia shimoni badala ya kuteremka na udongo hadi mtoni. Baada ya miaka kama miwili shamba hugeuzwa upya, pale palipokuwa na tuta pakawa shimo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikuja miaka ya 1990 kuuchunguza utaratibu huu, na waliondoka na heshima kubwa kwa watu ambao wataalamu wa zamani waliwaona kama wachimba mashimo tu.

Naomba msomaji aitazame kwa makini hiyo ngoro. Udongo unageuzwa kila mara lakini hauhami shambani. Ndiyo faida yake yote.

Sasa tupande ngazi hadi lugha ya ofisini. Mwaka 1992 nchi iliporejea mfumo wa vyama vingi, "mageuzi" likawa neno la majukwaani, na chama kimoja cha upinzani kikaliweka kabisa ndani ya jina lake, NCCR-Mageuzi. Chama tawala kilikuwa na ndugu yake mkubwa tangu mwaka 1977, yaani "mapinduzi". Maneno haya mawili hutumiwa kama mapacha, lakini mzee yeyote wa kijijini atakwambia tofauti yake. Ukigeuza chapati, ile ile chapati inaiva upande wa pili. Ukipindua sufuria, chakula kimemwagika. Kwa hiyo tulipoimba "mapinduzi ya kijani", na baadaye Kilimo Kwanza iliyozinduliwa mwaka 2009, sikushangaa kuona wakulima wakitupigia makofi huku wakishikilia sufuria zao.

Lakini Kiswahili kina maana nyingine mbili ambazo wachumi tunazipuuza, na kwa maoni yangu ndizo zinazoeleza biashara ya kahawa kuliko zote. Ya kwanza ni kumgeuka mtu: mlikubaliana asubuhi, jioni kakuacha kwenye mataa. Ya pili ni kigeugeu, mtu au jambo lisilosimama mahali pamoja. Nitaeleza kwa nini nadhani ukigeugeu ndio unaomtia mkulima wa Mbinga umaskini kuliko hata kutu ya majani.

Tuchukue mti wa kahawa uliopandwa mwaka 1975. Mti uliotunzwa vizuri na kukatwa mara kwa mara ili utoe shina jipya unaweza kuwa unazaa hadi leo. Wakati unapandwa, Ruvuma ilikuwa na ushirika wa muda mrefu. NGOMAT, chama cha Wangoni na Wamatengo, kilianza miaka ya 1930. Mti ukiwa na mwaka mmoja, mwaka 1976, Serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na kahawa ikawa mali ya mamlaka ya zao. Sheria ya mwaka 1982 ikarudisha vyama vikuu. Mbinga baadaye ikapata chake, MBICU. Mwaka 1993 sheria ikarekebishwa, na msimu wa 1994/95 makampuni binafsi yalikuwa yananunua vijijini kwa fedha taslimu. MBICU ikazidiwa na madeni na kuanguka, na wapo wazee ambao hadi leo wakitajiwa jina hilo wanaulizia fedha za kahawa waliyoipeleka na hawakulipwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kanuni zikageuka tena: kampuni yenye leseni ya kusafirisha nje ikazuiwa kununua kijijini, kisha kahawa za ubora wa juu zikaruhusiwa kuuzwa nje moja kwa moja bila kupita mnada wa Moshi. Msimu wa 2018/19 ikaja amri kwamba kahawa ya wakulima wadogo ipitie vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na wanunuzi binafsi wasiifuate majumbani. Baadaye minada ikasogezwa kwenye kanda, Mbinga ikiwamo.

Mti mmoja, mifumo mitano au sita. Kila mmoja uliitwa mageuzi, na kila mmoja, niseme kwa haki, ulikuwa na hoja yake. Ule wa 1976 ulilenga kukomesha ubadhirifu wa viongozi wa ushirika. Ule wa 1993 ulilenga kumlipa mkulima haraka, maana alikuwa akipokea malipo ya awali, kisha akisubiri majaliwa mpaka mtoto amalize shule. Ule wa 2018 ulilenga kuondoa walanguzi.

Ukitazama kwa makini utaona kwamba vyote hivyo viligeuza jambo moja: nani anunue kahawa mwezi Julai. Hakuna hata kimoja kilichogeuza jambo la pili, ambalo ni nani ampe mkulima fedha mwezi Januari.

Kahawa ya Mbinga huvunwa kuanzia Mei au Juni hadi Septemba au Oktoba. Fedha huja humo, mara nyingine kwa kuchelewa. Mahitaji hayafuati kalenda hiyo. Mbolea inatakiwa mvua zikianza Novemba na Desemba. Dawa ya chulebuni inatakiwa wakati matunda yakiwa bado machanga. Shule zinafunguliwa Januari. Mahindi ya ghalani yanaanza kupungua wakati huo huo, na yale ya shambani bado ni mabichi. Ndipo anapobisha hodi mtu wa magoma.

Kwa msomaji asiye wa Ruvuma, magoma ni kuuza kahawa kabla haijaiva. Mfanyabiashara, ambaye mara nyingi ni jirani, mwenye duka au hata mkulima mwenzako aliyefanikiwa, anakupa fedha, au gunia la mahindi, au mfuko wa mbolea. Mnakubaliana utamlipa kilo kadhaa za kahawa msimu ukifika. Hakuna hati ya benki wala dhamana ya hati ya shamba. Kagera jambo hilo hilo wanaliita butura. Mtwara na Lindi, kwenye korosho, wanaliita kangomba. Nchi moja, mazao mawili, majina matatu, na ugonjwa ni ule ule; hiyo pekee ingetosha kutuambia kwamba tatizo si tabia ya Wamatengo.

Tufanye hesabu ya mfano. Si bei ya msimu wowote, ni namba nyepesi za kutuonyesha njia. Januari mkulima anapokea Sh100,000 kwa ahadi ya kilo 50, yaani Sh2,000 kwa kilo. Julai bei ya kijijini ni Sh5,000. Kahawa aliyotoa ina thamani ya Sh250,000. Amelipa Sh150,000 kama gharama ya kukopa Sh100,000 kwa miezi sita. Benki inayotoza asilimia 20 kwa mwaka ingemtoza Sh10,000 kwa muda huo. Tofauti ni Sh140,000, na hiyo ndiyo bei ya kutokuwa na benki mwezi Januari.

Wanasiasa wakiziona hesabu hizi husema mkulima haelewi, aelimishwe. Mimi nimekaa nao. Hesabu wanaijua kuliko baadhi ya maofisa mikopo. Mtoto asipokwenda sekondari Januari hakuna Julai itakayomrudisha. Shamba lisipopata mbolea Desemba, kilo zinazopungua msimu unaofuata zinaweza kuzidi zile alizotoa kwa magoma. Amechagua hasara ndogo kati ya mbili.

Mwenye kuumia zaidi ni yule aliyechukua magoma mwaka ambao bei inapanda. Mwaka 2001 na 2002, wastani wa bei ya kimataifa uliotolewa na Shirika la Kahawa la Kimataifa ulikuwa chini ya senti 50 za Dola kwa ratili, na wakulima wengi nchini walitelekeza mashamba au kupanda mazao mengine katikati ya mibuni. Februari 2025, Arabika katika soko la New York ilivuka Dola nne kwa ratili. Bei ikiruka hivyo, aliyeuza ua hapati kitu. Neema yote inakwenda kwa aliyenunua ua.

Kwa nini basi benki na vyama havimfikii mkulima kabla ya mtu wa magoma? Hapa ndipo zile maana mbili zilizopuuzwa zinapoingia kazini.

Enzi za ushirika wa zamani, pembejeo zilitolewa kwa mkopo na deni likakatwa kahawa ilipofikishwa chamani. Iliwezekana kwa sababu kahawa haikuwa na njia nyingine ya kutokea. Makampuni binafsi yalipoingia, mkulima akawa na milango mingi, jambo zuri kwa bei. Lakini aliyemkopesha mbolea Desemba hakuwa na uhakika wa kumwona Julai, kwani angeweza kumgeuka na kuuza kwa jirani kwa fedha taslimu. Wakopeshaji wakajitoa. Matumizi ya mbolea na dawa yakashuka, miti ikazeeka, na uzalishaji wa taifa ukabaki kwa miaka mingi ukizunguka kwenye tani 50,000 wakati Vietnam ikipanda kutoka nchi isiyotajwa hadi ya pili duniani.

Mfumo wa 2018 uliufunga tena ule mlango, na kinadharia ungerudisha mikopo, kwa kuwa AMCOS inaiona kahawa yote ikipita mikononi mwake. Sehemu fulani umesaidia; vyama vilivyosimama vizuri huagiza mbolea na kukata deni mauzo yakifanyika. Lakini mkopeshaji makini huuliza swali moja kabla ya kutoa fedha Novemba: Julai mfumo wa kununua utakuwa upi? Akitazama historia ya ule mti wa 1975, jibu la kweli ni kwamba hakuna ajuaye. Huenda waziri atabadilika. Huenda itatoka kanuni mpya wiki mbili kabla msimu haujafunguliwa. Mkopo wa miezi minane hauwezi kusimama juu ya sera isiyo na uhakika wa miezi minane. Mkopeshaji atajikinga kwa kupandisha riba au kwa kukaa mjini Songea.

Mtu wa magoma yeye hana wasiwasi huo. Hategemei sheria, kwa sababu biashara yake imekatazwa na sheria zote, ya juzi na ya leo. Hategemei mnada wala leseni. Anategemea kumjua mkopaji wake, kujua shamba lilipo, na kuwahi kufika kabla kahawa haijatoka kichanjani. Kila mfumo unapogeuzwa, washindani wake rasmi wanayumba na yeye anabaki amesimama. Ndiyo maana nasema kila geuzo la ghafla la mfumo wa masoko, hata lenye nia njema, ni zawadi kwa magoma. Mkuu wa wilaya anaweza kuwakamata watu 10 mwezi Agosti. Njaa ya Januari itazaa wengine 20.

Stakabadhi ghalani, iliyopata sheria yake mwaka 2005, ilitajwa kama dawa. Ni dawa nzuri ya ugonjwa wa jirani. Inamwezesha mwenye kahawa ghalani kukopa wakati akisubiri bei nzuri. Aliyekwishaiuza ikiwa ua hana cha kupeleka ghalani. Vivyo hivyo ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 imepunguza bei ya mfuko, lakini mfuko wa bei nafuu bado unataka fedha taslimu Desemba.

Tufanye nini? Nina mapendekezo mawili, na la kwanza halihitaji bunge. AMCOS ziwape wanachama hiari ya kutenga sehemu ya malipo yao ya msimu, tuseme robo, iingie katika akaunti ya mkulima mwenyewe benki au SACCOS, na ifunguliwe tarehe 2 Januari. Nasisitiza akaunti yake mwenyewe. Wazee wataniambia hii ni majaliwa imevaa koti jipya, na wana haki ya kushtuka kwa yale waliyoyaona miaka ya 1990. Tofauti ni kwamba majaliwa ilikaa mikononi mwa chama, chama kilipokufa ikafa nacho. Siku hizi wakulima wengi wanalipwa kupitia akaunti au simu, jambo ambalo wakati wa MBICU lisingewezekana.

La pili linahitaji Dodoma. Serikali itangaze kwamba kanuni za kununua kahawa hazitaguswa kwa misimu mitano, na ikilazimu kuzigusa, taarifa itolewe misimu miwili kabla. Sijali sana ni kanuni zipi. Kwa kweli ningependa mnunuzi binafsi na AMCOS washindane kijijini, ili mradi deni la pembejeo likatwe popote kahawa inapouzwa. Lakini hata mfumo nisioupenda, ukikaa miaka mitano, utampa mkopeshaji kitu cha kukanyagia. Wapo watakaosema Serikali haiwezi kujifunga mikono kwenye soko linaloyumba kama la kahawa. Bei ndiyo inayoyumba, nami nakubali hilo halizuiliki. Kuongeza kuyumba kwa kanuni juu ya kuyumba kwa bei ni kumnyeshea mtu aliyekwisha lowa.

Nirudi Tingi kidogo. Nilimwambia yule mama ukweli, kwamba safari hii sikuwa na uhakika tunageuza nini. Akacheka, akaniambia niendelee na maswali yangu kwani wingu lilikuwa linakuja na kahawa itabidi ifunikwe. Swali lililofuata lilikuwa chanzo cha mkopo, na majibu ya kuchagua yalikuwa yamechapwa tayari: benki, SACCOS, VICOBA, ndugu, mengineyo. Akanitajia mtu wa magoma, nikaweka tiki kwenye mengineyo. Jioni, nilipokuwa nyumba ya wageni Mbinga nikipanga madodoso ya siku ile, nikaona tiki nyingi zimejazana katika kisanduku hicho cha mwisho, na pembeni yake hapakuwa na hata mstari mmoja wa kuandikia maelezo.